Tumaini la milele linanisaidia nini leo?

*Barua ya msomaji*

Mama, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole hapa Mbeya. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya Tunduma. Mwaka juzi lori lake lilifeli breki kwenye mteremko wa Inyala, akafa palepale. Tulimzika kwao Rungwe, kwenye migomba nyuma ya nyumba ya baba yake. Mchungaji alihubiri vizuri siku ile. Alisema sisi tulio ndani ya Kristo hatuhuzuniki kama watu wasio na matumaini, na kwamba tutaonana tena asubuhi ile ya ufufuo. Watu wakaitikia amina, na mimi nikaitikia. Nimeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya Kanisa la Moravian tangu usichana wangu, kwa hiyo hayo ni maneno niliyokua nayo.

Baada ya matanga watu wakatawanyika, nikabaki na wanangu. Nilikuwa nanunua viazi Isyonje na kuvileta soko la Uyole, tukawa tunakula. Shule zilipofunguliwa nikakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, nikakopa tena kwingine ili nilipe ile ya kwanza. Sasa kila jioni anakuja kijana na daftari lake, anasimama mlangoni mbele ya watoto.

Rafiki yangu akanipeleka kwenye huduma moja ya maombezi. Mtumishi pale alisema mume wangu hakufa kifo cha kawaida, kuna laana ya ukoo, na mlango wangu utafunguka nikipanda mbegu inayouma. Nilitoa laki nne, ndio mtaji wangu wote wa viazi. Nikapewa chupa ya mafuta na maji ya kunyunyizia sokoni. Hakuna kilichotokea. Niliporudi kumwuliza, alisema imani yangu ina mashaka, ndiyo maana Mungu amefunga mkono.

Shemeji zangu nao wameitisha kikao cha ukoo mwisho wa mwezi huu. Wanataka nitie saini karatasi kwamba kile kiwanja tulichojenga mimi na mume wangu kitakuwa chini ya shemeji mkubwa, "kwa ajili ya watoto".

Lakini Mama, sikuandika kwa sababu ya hayo tu. Zamani nikisikia nyimbo za mbinguni nilikuwa nafurahi. Siku hizi nikizisikia natamani niende kabisa. Usiku naomba nilale nisiamke. Sijamwambia mtu yeyote, naogopa wataniona nimerudi nyuma. Na kuna jingine baya zaidi: nimeanza kuona kwamba hili tumaini la milele ni maneno ya kutunyamazisha sisi wenye shida, tusubiri mbinguni huku wengine wanakula hapa hapa. Kwaya nimeacha. Mwanangu mkubwa, ana miaka 11, aliniuliza, "Mama, baba yuko wapi sasa hivi?" Nikamwambia yuko kwa Mungu. Akasema, "Mungu ana watu wengi. Kwa nini amchukue na baba?" Sikuwa na jibu.

Nisaidie.

Mama wa Wawili, Uyole

*Majibu*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa yote yaliyofuata baada ya watu kutawanyika.

Naanza na usiku wako, kwa sababu hayo mengine yanaweza kusubiri siku mbili tatu, hili haliwezi. Unaogopa kwamba kutamani kufa ni kurudi nyuma. Fungua 1 Wafalme 19. Eliya, nabii aliyeomba moto ukashuka Karmeli sura moja tu kabla ya hapo, anakaa chini ya mti jangwani na kumwambia Mungu, "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Angalia Mungu alivyomtendea. Hakumkemea, wala hakumpima imani yake kama ina mashaka. Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate na maji, akamwamsha ale. Akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, na neno aliloambiwa lilikuwa hili: safari hii ni kubwa mno kwako. Hapo hata hawajaanza kuzungumza habari za kazi. Kwanza chakula na usingizi.

Basi na wewe fanya hivyo. Leo, kabla giza halijaingia, mwambie mtu mmoja maneno yale yale uliyoniandikia mimi: "Naomba nilale nisiamke." Awe dada yako, jirani unayemwamini, au mama wa kwaya mliyesimama naye miaka yote. Mwombe alale kwako siku hizi, au nendeni mkalale kwake. Kama unahifadhi dawa za kunyunyizia shamba ndani ya nyumba, mpe jirani akutunzie. Mawazo yakikuzidi saa nane ya usiku, gonga mlango wa mtu saa hiyo hiyo nane ya usiku. Kisha wiki hii nenda hospitali, ya wilaya au ile ya rufaa ya kanda hapo mjini, umweleze daktari kwamba tangu msiba hulali na unatamani kufa. Ni ugonjwa wanaoujua na wanautibu. Kwenda kwa daktari hakupunguzi imani yako hata chembe. Mkate wa Eliya ulikuwa mkate wa kweli, alikula akapata nguvu za mwili.

Paulo naye aliwahi kuandika kwamba anatamani kwenda zake akakae na Kristo. Wafilipi sura ya 1, na aliyaandika akiwa kifungoni. Lakini soma mstari unaofuata: anasema kudumu katika mwili kwahitajiwa zaidi kwa ajili yenu. Aliwataja watu waliomhitaji, akakaa. Wewe unao wawili. Nadhani kinachokusukuma usiku ni uchovu uliopita kiasi, na uchovu una dawa zake. Usiuchukue kuwa ni sauti ya mbinguni inakuita.

Sasa nije kwenye lile uliloliita baya zaidi, kwamba tumaini la milele ni maneno ya kuwanyamazisha wenye shida. Sitakukaripia. Limetumika hivyo, tena na watu wanaosimama madhabahuni. Mjane anaambiwa avumilie taji linamngoja, na anayemwambia hajui kama ndani ya nyumba ile kuna unga. Hasira yako ina mahali pake. Ila wanaolitumia hivyo hawakulipata hivyo katika Biblia, na hapa nataka tukae kidogo.

Sura ndefu kuliko zote ambayo Paulo aliandika habari za ufufuo ni 1 Wakorintho 15. Humo anasema wazi kwamba kama Kristo hakufufuka imani yetu ni bure. Hatafuti njia ya kulainisha. Ama kaburi lile lilikuwa tupu, ama sote tumedanganywa. Anapanda juu zaidi, parapanda italia, mauti imemezwa kwa kushinda, ewe mauti uchungu wako uko wapi. Ungetegemea baada ya hapo aseme, basi kaeni mngoje. Hasemi hivyo. Mstari wa mwisho wa sura unawaambia wazidi sana katika kazi ya Bwana, kwa kuwa taabu yao siyo bure. Na neno linalofuata mara moja, sura ya 16 mstari wa kwanza, ni mchango wa fedha kwa ajili ya watakatifu, maskini wale wa Yerusalemu. Paulo hakuandika kwa sura na mistari, hiyo ni mipangilio iliyokuja baadaye sana. Kwake ilikuwa barua moja isiyokatika: Kristo amefufuka, mauti imeshindwa, kwa hiyo kila siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwa ajili ya wahitaji. Aliyeamini parapanda alitakiwa kufungua mfuko.

Kwa hiyo tumaini hili likihubiriwa kwako kaburini na baada ya hapo hakuna aliyekuja na debe la mahindi, tatizo haliko kwenye tumaini. Waliohubiri wameishia sura ya 15. Nenda kwa wazee wa kanisa lako, uwaambie hali yako jinsi ilivyo, madeni na yote. Usione haya. Yakobo anasema dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Ukienda huombi fadhila, unawakumbusha kazi yao.

Umelelewa Moravian, kwa hiyo una kitu kingine ambacho huenda umekizoea hata hukioni. Asubuhi ya Pasaka, kabla jua halijachomoza, mnakwenda makaburini. Wamoravian wa mji wa Herrnhut kule Ujerumani walianza kufanya hivyo mwaka 1732, wamisionari wakafika Rungwe mwaka 1891 na imani hiyo hiyo. Kwa nini makaburini, wakati kanisa lipo na lina mabenchi? Kwa sababu ushindi wa Yesu unatangazwa pale pale mauti ilipofanyia kazi yake, mbele ya majina ya watu wetu, kwenye baridi. Hakuna anayejifanya kaburi halipo. Na ile nembo ya kanisa, Mwanakondoo mwenye bendera, "Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate": Ufunuo 5 unasema Yohana alimwona Mwanakondoo huyo amesimama, naye alikuwa kama amechinjwa. Alama za kuchinjwa bado anazo. Tomaso aliambiwa alete kidole chake kwenye mikono yenye makovu, na huo ulikuwa tayari mwili wa ufufuo.

Hii ndiyo sababu nasema tumaini letu linaweza kuubeba msiba wako bila kuuficha. Mchungaji alinukuu 1 Wathesalonike 4, tusihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Paulo hakusema tusihuzunike. Huzunika, mwanangu. Yesu alijua kwamba baada ya muda mfupi atamwita Lazaro atoke kaburini, na bado alilia, watu wakamwona analia. Alikuwa na tumaini lote unaloweza kulifikiria, na machozi yakatoka. Na ikiwa huna maneno ya kuomba, soma Zaburi 88. Mwandishi wake analia mwanzo hadi mwisho, zaburi inafungwa na giza, na waliokusanya maandiko matakatifu wakaiacha kama ilivyo. Maombi ya namna hiyo yanakubalika.

Kuhusu yule mtumishi na laki nne zako, sitatafuta maneno laini. Umeonewa. Petro alipoletewa fedha na Simoni kule Samaria ili anunue karama ya Mungu, alimjibu fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Hicho ndicho kiwango cha mitume. Wengi wa hawa hupenda kuhubiri yule mjane aliyetoa senti mbili, Luka 21. Rudi nyuma mistari michache tu, mwisho wa sura ya 20. Yesu ametoka kuwaonya watu wajihadhari na waandishi wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu, kisha anainua macho, na tazama mjane anatoa vyote alivyokuwa navyo. Mimi nikisoma hizo habari mbili pamoja nasikia uchungu wa Bwana ndani yake, na sithubutu kuzitumia kumwomba mjane mtaji wa viazi.

Ulipouliza matokeo, akakurudishia kosa wewe. Angalia kwamba kwa mpango huo yeye hawezi kukosea kamwe: ukifanikiwa ni maombi yake, usipofanikiwa ni mashaka yako. Usirudi pale. Na ile habari ya laana ya ukoo iache hapo hapo. Malori yanafeli breki kwenye miteremko ya Mbeya miaka yote, sababu zake zinajulikana na kila dereva wa barabara ile. Mume wako alikuwa kazini akiwatafutia ninyi chakula.

Ukitaka kuona mtumishi wa Mungu anavyomshughulikia mjane mwenye madeni, ni 2 Wafalme 4. Utashangaa jinsi inavyofanana na nyumba yako. Mume amekufa, mwenye kudai amekuja, na watoto ni wawili. Elisha anamwuliza maswali mawili: nikufanyie nini, na una kitu gani nyumbani? Anamtuma kwa jirani zake wote akaazime vyombo. Mafuta yanapoongezeka, anamwambia akauze, alipe deni, na kinachobaki wale yeye na wanawe. Nabii hakuchukua hata tone. Mama yule alitoka pale hana deni, hana aibu kwa jirani zake, na ana chakula.

Tuige. Kaa chini na mtu anayejua hesabu, mwandike kila deni: ulichokopa, ulicholipa, kinachodaiwa. Anayekopesha kwa biashara anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu ndiyo inayosimamia. Omba nakala ya mkataba wako na uulize leseni yao. Ukiwa na mtu mzima pembeni, mzee wa kanisa au mwenyekiti wa mtaa, nenda mwombe mwenye fedha mpange upya malipo, na yule kijana aache kusimama mbele ya watoto. Usikope tena kulipia mkopo. Halafu nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, uulize habari za mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake. Haina riba. Wanawake wa soko la Uyole mnaweza kuunda kikundi.

Kikao cha ukoo. Usitie saini chochote. Nenda kwa heshima, salimia wakwe zako kama kawaida, na useme, "Nimesikia, naomba jambo hili liende mahakamani." Msimamizi wa mirathi anateuliwa na mahakama. Ukoo unaweza kupendekeza jina, na wewe mjane unaweza kuomba uwe msimamizi. Kabla ya kikao kusanya cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za kununulia kiwanja, toa nakala, zile halisi ziache mahali salama nje ya nyumba. Watafute wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure. Ofisi ya kata itakuelekeza walipo. Sijui mioyo ya shemeji zako, huenda kweli wanawaza watoto. Mahakama itawasaidia hata wao wawe salama.

Kwaya usirudi bado kama sauti haitoki. Lakini kanisani nenda, ukae katikati ya wenzako, uwaache waimbe. Wimbo wa kanisa ni wa wengi kwa sababu hii hii, kwamba siku mmoja hawezi wengine wanaubeba. Wewe uliwabebea wengine miaka mingi kwenye misiba yao.

Na mwanao. Usimwambie Mungu alimhitaji baba mbinguni. Mtoto atamwogopa Mungu wa namna hiyo, na nakubaliana na mwanao kwamba Mungu ana watu wa kutosha. Mwambie kifo ni adui. Biblia inakiita hivyo, adui wa mwisho atakayebatilishwa, 1 Wakorintho 15 hiyo hiyo. Mwambie lori liliharibika, baba akaumia, akafa, na Yesu analia pamoja nasi. Mwambie baba yuko mikononi mwa Yesu sasa, na mwili wake upo Rungwe kwenye migomba, na Yesu aliyetoka kaburini mwenyewe ameahidi atamwinua. Mpeleke kaburini mchana kukiwa na jua, apalilie, aulize anachotaka kuuliza. Ukilia mbele yake si vibaya.

Akikuuliza ni lini baba atafufuka, mwambie hujui. Mitume nao walimwuliza Bwana maswali ya lini, wakaambiwa si kazi yao kujua nyakati wala majira, wakapewa kazi ya kufanya.

Niandikie baada ya kikao. Na kabla ya hapo, leo hii, zungumza na yule mtu mmoja.